Siku moja Alhambra: tiketi, saa ya kuingia, na namna ya kuzisoma kuta zake

Juu ya mji wa Granada, kusini mwa Uhispania, kwenye kilima cha Sabika, kuna ngome yenye majumba ya kifalme ambayo kuta zake zimeandikwa Kiarabu mpaka karibu na dari. Hiyo ndiyo Alhambra, kutoka al-Hamra, yaani nyekundu, kwa rangi ya udongo uliojengea kuta za nje. Maelfu ya wageni hupita humo kila siku na wengi huyaona maandishi yale kama mapambo tu. Mtu wa pwani aliyesoma chuoni, akaanza na alifu na ba hadi akahitimu juzuu yake, anaweza kuyasoma. Nimeandika mwongozo huu nikimfikiria yeye kwanza, kisha yeyote anayepanga safari hiyo, kwa sababu ni rahisi sana kufika Granada na kurudi bila kuingia, na ni rahisi vilevile kuingia na kutoka bila kuona.

Mimi nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza niliyakosa majumba yenyewe kwa kosa langu, nitaeleza mbele. Mara ya pili nilikwenda na mama yangu, naye ndiye aliyenifundisha namna ya kupaangalia.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kuona nini

Alhambra si jengo moja, na asiyelijua hili hununua tiketi isiyo yake. Upande wa magharibi kuna Alcazaba, ngome ya askari, sehemu kongwe kuliko zote. Katikati kuna majumba ya masultani wa ukoo wa Banu Nasr, ambayo kwenye tiketi yameandikwa Palacios Nazaríes. Ubavuni mwake kuna kasri kubwa la mraba lenye ua wa duara, alilolianzisha mfalme Charles V mwaka 1527. Mashariki, ng'ambo ya bonde dogo, kuna Generalife, shamba na bustani walikokwenda masultani kupumzika. Watu wanaposema "nimeiona Alhambra" kwa kawaida wanamaanisha yale majumba ya Banu Nasr. Yote mengine ni mazuri, lakini hayo ndiyo roho ya mahali pale.

Mwanzilishi wa ukoo, Muhammad bin al-Ahmar, aliingia Granada mwaka 1238 na kuanza ujenzi. Sehemu kubwa ya uzuri unaouona leo ni kazi ya wawili waliokuja karne iliyofuata: Yusuf wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1333 hadi alipouawa kwa kuchomwa kisu siku ya Idi ya mwaka 1354 akiwa katika sala, na mwanawe Muhammad wa Tano. Tarehe 2 Januari 1492 sultani wa mwisho, Muhammad wa Kumi na Mbili ambaye Wahispania humwita Boabdil, aliukabidhi mji kwa mfalme Ferdinand na malkia Isabella. Tangu 1984 Alhambra imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kuna jambo moja ningependa ulibebe moyoni kabla ya kufika. Ibn Battuta, aliyetia nanga Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Granada mwaka 1350, Yusuf wa Kwanza akiwa kitini. Kama umewahi kusimama Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani, kando ya lile birika la pembe nane linalotazama bahari, basi umesimama kwenye jengo la karne ileile. Msafiri mmoja alizijua nchi zote mbili, na zote mbili zilimpokea kama mtu wa nyumbani.

Hatua ya 2: Viza na msimu

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Omani anahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000, na maombi yapelekwe kati ya miezi 6 na siku 15 kabla ya safari. Usingoje zile siku 15. Ndugu zetu wa Uingereza wanaoishi kwa kibali bila uraia wajue kwamba kibali cha Uingereza hakiwaingizi Uhispania. Aliye na kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, mfano Ujerumani au Uswidi, haombi tena.

Msimu mzuri ni Aprili na Mei, au Oktoba. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 35, na kilima kile hakina huruma mchana. Desemba hadi Februari Granada ni baridi kweli, maana mji uko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari na milima ya Sierra Nevada yenye theluji iko palepale nyuma yake. Mtu wa Tanga asiende na sweta moja.

Hatua ya 3: Tiketi kabla ya kitu kingine chochote

Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote: nunua tiketi ya Alhambra kabla ya hoteli ya Granada, na ikiwezekana kabla ya kupanga siku za mji huo. Idadi ya watu wanaoruhusiwa kwenye majumba ina kikomo kwa kila nusu saa, kwa hiyo tiketi huisha wiki nyingi kabla, na majira ya kuchipua huisha mapema zaidi. Panga siku zako kwa kufuata tiketi.

Muuzaji rasmi ni Patronato de la Alhambra y Generalife, taasisi inayopatunza mahali pale, na anwani yake ni tickets.alhambra-patronato.es. Ukitafuta kwenye intaneti utaona tovuti nyingine nyingi zinazopendeza macho kuliko hiyo rasmi. Nyingi huuza ziara ya pamoja na kiongozi kwa bei ya mara mbili au tatu. Si wezi, lakini lipa bei hiyo kama kweli unamtaka kiongozi.

Tiketi zipo za namna kadhaa. Unayoitaka ni ile ya jumla, Alhambra General, inayoingia Alcazaba, majumba na Generalife kwa siku moja. Bei yake ni karibu euro 20 kwa mtu mzima, na hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo tazama ya siku unayonunua. Mtoto wa chini ya miaka 12 halipi ila lazima awe na tiketi yake. Jihadhari na ile ya Jardines, Generalife y Alcazaba: ni rahisi kuliko ya jumla, lakini haikuingizi kwenye majumba. Nimekutana na watu pale getini wameishika mkononi, hawajui kwamba milango waliyoijia haitafunguka. Ipo pia tiketi ya usiku ya kuona majumba peke yake chini ya taa hafifu, na kwa mtu ambaye ameshawahi kupaona mchana mimi ningemwambia ainunue bila kusita.

Unaponunua utachagua saa ya kuingia kwenye majumba. Saa hiyo ni ya majumba tu. Alcazaba na Generalife unaweza kuingia wakati wowote siku hiyo, kila sehemu mara moja. Hapa tuwe makini na hesabu zetu za saa: tiketi ikisema 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi, ikisema 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Milango hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, hufungwa saa mbili usiku kuanzia Aprili hadi katikati ya Oktoba, na saa kumi na mbili jioni miezi mingine. Tarehe 25 Desemba na 1 Januari hapafunguliwi. Ningechagua saa ya mapema kabisa, kabla makundi ya mabasi kutoka Málaga hayajafika, au ya mwisho wa alasiri, jua linapolala na kuingia vyumbani kwa pembeni.

Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote matatu kama yapo matatu, pamoja na namba ya pasipoti. Kama tiketi zimekwisha, endelea kuitazama tovuti asubuhi na usiku kwa sababu zilizorudishwa huonekana, kisha tazama Granada Card, kadi ya kutembelea mji inayobeba tiketi ya Alhambra ndani yake na yenye mgao wake.

Hatua ya 4: Mkobani kuna nini

Pasipoti. Pasipoti yenyewe, si picha yake kwenye simu. Mara yangu ya kwanza niliiacha kwenye kisanduku cha chumbani nikaona nakala ya simuni inatosha. Mlinzi aliitazama, akatikisa kichwa kwa upole, akanionyesha mstari uliokuwa umeandikwa kwenye tiketi yangu mwenyewe. Nilishuka kilima mbio, nikapanda tena, nikafika dakika arobaini baada ya saa yangu. Mlango ulikuwa wa watu wengine. Siku ile niliona ngome na bustani, na nikayapita majumba kwa nje nikisikia maji yakitiririka ndani. Pasipoti utaulizwa zaidi ya mara moja siku hiyo, kwa hiyo iwe mahali pa karibu.

Begi kubwa la mgongoni haliruhusiwi, na hata dogo utaambiwa ulivae kifuani, ili lisikwangue kuta. Kigari cha mtoto hakiingii kwenye majumba. Kigoda cha kamera na taa ya kamera ni marufuku. Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako, maana mawe ya njia yamesuguliwa na yanateleza. Beba maji na kitu cha kutafuna nje, kwani ndani hakuliwi.

Hatua ya 5: Kupanda

Granada inafikika kwa treni ya kasi kutoka Madrid, saa tatu na nusu hivi, au kwa basi kutoka Málaga, chini ya saa mbili. Kutoka katikati ya mji, basi dogo C30 hupanda hadi Alhambra. Ukiwa na mzee, panda hilo. Ukiwa na miguu yako, anzia Plaza Nueva, fuata Cuesta de Gomérez, pita lango la Puerta de las Granadas, na uingie msituni. Kuna miti mirefu na mifereji miwili ya maji inayoshuka kando ya njia, na baada ya nusu saa hivi utakuwa mbele ya Puerta de la Justicia.

Mwenye tiketi anaweza kuingia kwa lango hilo bila kwenda mpaka geti kuu la juu. Simama kwanza. Juu ya tao la nje kumechongwa mkono, na juu ya tao la ndani, ufunguo. Maandishi yaliyo hapo yanasema lango lilijengwa kwa amri ya Yusuf wa Kwanza na kukamilika mwezi wa Maulidi, mwaka 749 wa Hijria, yaani 1348. Mama alikuwa amechoka na mlima, lakini aliposikia "mwezi wa Maulidi" aliinua uso.

Kama una saa nzima au zaidi mkononi, ingia Alcazaba kwanza. Panda mnara wa Torre de la Vela, utaona mji wote. Kisha nenda choo karibu na kasri la Charles V, na uwe kwenye foleni ya majumba robo saa kabla. Ukichelewa, hakuna kubembeleza.

Hatua ya 6: Majumbani, taratibu

Njia ni ya upande mmoja. Ukishapita chumba hurudi nyuma, na hakuna atakayekuharakisha. Waache waliokuzunguka wapite. Kundi la watu kumi na tano likiondoka chumbani, kwa kawaida kunakuwa na dakika moja au mbili za ukimya kabla jingine halijaingia, na dakika hizo ndizo unazozilipia.

Chumba cha kwanza ni Mexuar. Litamke kwa sauti na utalisikia neno la Kiarabu la baraza la mashauriano, lenye shina moja na shauri letu. Mwishoni kuna chumba kidogo cha kusalia chenye kibla na madirisha yanayotazama mtaa wa Albaicín. Kimekaa mshazari kuliko jengo lote, kwa sababu aliyekijenga alifuata kibla.

Hapo anza kutafuta msemo mmoja: *wa la ghaliba illa llah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ni kaulimbiu ya Banu Nasr, na imerudiwa kila mahali, kwenye mikanda, kwenye matao, ndani ya duara, ndani ya majani. Khati ni ya kusukana na mwanzoni jicho linapotea. Usianze na mkanda mrefu. Tafuta duara moja dogo lililo usawa wa macho, itafute *lam-alif* ya *la*, ishike hiyo, na herufi nyingine zitakuja zenyewe. Mama hasomi Kihispania wala Kiingereza. Alisimama mbele ya ukuta wa jasi iliyochongwa, kidole hewani bila kugusa, akasoma polepole kama alivyokuwa akitusomesha barazani, na alipofika mwisho akageuka kuniangalia, kisha akaenda ukuta wa pili na kuukuta uleule, na wa tatu. Kijana mmoja mgeni alimwuliza kwa ishara kama anaelewa. Mama akaitikia kwa kichwa, akanyosha kidole juu.

Usiguse. Jasi ni laini, na mafuta ya mikono huiharibu.

Kutoka hapo utaingia ua wa Comares, wenye birika refu lililopandwa mihadasi pande zote mbili. Wahispania waliliita *alberca*, kutoka *al-birka*, na sisi birika la msikitini tunaliita kwa neno lilelile. Maji yametulia kama kioo na mnara mzima wa mita 45 umelala humo. Mbele kuna Sala de la Barca. Barca kwa Kihispania ni mashua, lakini inaaminika jina limetokana na *baraka*, neno lililoandikwa na kurudiwa kutani humo.

Ndani ya mnara ndimo kilimo chumba cha kiti cha enzi, Salón de los Embajadores. Ni cha giza kidogo. Kaa ukutani, acha macho yazoee, ndipo utazame juu. Dari limeundwa kwa vipande 8,017 vya mbao, vimepangwa nyota juu ya nyota kwa ngazi saba. Chini yake, juu sana mtu asipoweza kuisoma vizuri, imechongwa Surat al-Mulk, ile tunayoiita Tabaraka. Nilimwambia mama hilo tu. Alianza kuisoma kwa moyo, midomo ikicheza, na alipofika *sab'a samawatin tibaqa*, mbingu saba tabaka kwa tabaka, alinyamaza na kuzihesabu ngazi za dari. Kwa hiyo nakushauri: kama umeihifadhi sura hiyo, ipitie usiku wa kuamkia safari. Kama hukuihifadhi, soma tafsiri ya aya zake tano za mwanzo. Hakuna kiongozi atakayekueleza lile dari vizuri zaidi.

Kisha ua wa Simba, kazi ya Muhammad wa Tano: nguzo 124 nyembamba za marumaru na chemchemi inayobebwa na simba kumi na wawili. Ukingoni mwa beseni kuna shairi la Ibn Zamrak, mshairi wa ikulu, linalosema maji na marumaru vinafanana mpaka hujui kipi kati ya hivyo viwili kinatiririka. Watu wengi hupiga picha ya simba na kuondoka. Inama kidogo utazame namna maji yanavyojaa beseni bila kumwagika, yakiingia na kutoka kwa kipimo kilekile. Kando ya ua, chumba cha Dos Hermanas kina kuba la maelfu ya vijitundu vya jasi vinavyoning'inia kama sega la nyuki. Usilitazame umesimama katikati watu wakikugonga. Sogea pembeni, inua kichwa, zungusha macho kwa kufuata mwanga wa madirisha.

Hatua ya 7: Generalife

Toka kwa bustani ya Partal na utembee kama robo saa. Jina limetokana na *Jannat al-Arif*. Maji yote ya kilima hiki yanatoka mto Darro kwa mfereji wa kilomita zipatazo sita, Acequia Real, na huku ndiko utakakouona ukipita katikati ya ua wenyewe. Ukikuta ngazi za maji, Escalera del Agua, ziko wazi, zipande. Kingo za pembeni zimechimbwa mifereji, na maji yanashuka pale ambapo mkono wako ungeshika. Hapa kugusa ni halali. Mama alitia mkono wote na hakuutoa mpaka ngazi ya juu.

Hatua ya 8: Kushuka, kula, kusali

Shuka kwa Cuesta de los Chinos, njia ya miguu kati ya kuta za ngome na Generalife, hadi Paseo de los Tristes ukingoni mwa Darro. Jikoni nyingi hufungwa kati ya saa kumi alasiri na saa mbili usiku, basi kula mapema. Karibu na Plaza Nueva, mitaa ya Calderería ina maduka ya chai na chakula cha Kimoroko. Kwingine, jifunze kusema *sin cerdo*, bila nguruwe, na ulitamke kabla hujakaa, maana Granada ukinunua kinywaji huletewa kitoweo kidogo usichokiagiza. Karibu na kanisa kuu utakutana na wanawake wanaokukabidhi kijitawi cha rozmari, kisha wanataka kukusomea kiganja na kulipwa. Usipokee, endelea kutembea.

Kwa sala, panda Albaicín hadi msikiti mkuu wa Granada uliofunguliwa mwaka 2003. Uko ubavuni mwa kiwanja cha San Nicolás, na bustani yake inatazamana na Alhambra ana kwa ana. Fika nusu saa kabla ya Maghribi ili upate pa kukaa kwenye ukuta wa kiwanja. Lakini tazama ratiba, kwa sababu mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu na nusu usiku, na Desemba ni kama saa kumi na mbili jioni. Ukimaliza, basi dogo C31 litakushusha mjini.